Vikombe Sita vya Saa Kumi

Mwalimu wa darasa la tano aliweka madaftari mawili mezani, moja kando ya jingine, kisha akarudi nyuma hatua moja ili yajisemee yenyewe. Daftari la kwanza lilikuwa la mwanzo wa muhula: herufi zimesimama wima, zimepeana nafasi, unasoma bila kukunja uso. La pili lilikuwa la wiki iliyopita. Mistari ilikuwa imekwenda kombo, sufuri hazikufungwa, na mahali patatu kalamu ilikuwa imetoboa karatasi.

"Yote ya mtoto mmoja?" aliuliza Mama Chiriku.

"Yote ya mwanao, mama."

Mama Chiriku alikuwa ameitwa shuleni saa nne ya asubuhi, katikati ya kazi, na hakuwa mtu wa kuitwa-itwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa msichana mwembamba, mwaka wake wa kwanza kufundisha, mwenye sauti ya chini iliyomfanya mtu amdharau haraka. Nyuma ya meza alikaa Mwalimu Mkuu, mzee mwenye koti lililong'aa viwiko, akisikiliza huku akizungusha kifuniko cha kalamu.

"Mikono inamtetemeka," mwalimu alisema. "Kitini hatulii. Akimaliza kuzungumza na jirani anazungumza peke yake. Halafu mchana anazima ghafla, analala juu ya dawati, nikimwamsha analia. Juzi aliniambia moyo unamkimbia, na alikuwa amekaa."

"Huyo anaitwa Chiriku tangu ana miaka miwili. Kuongea ndiyo kazi yake."

"Kuongea kwake nakujua, mama. Hili ni jambo jingine."

"Basi anakuogopa. Nyumbani hatetemeki." Mama Chiriku alipandisha sauti, na mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje walikaa wazazi wawili waliokuja kwa shida zao. "Ninyi walimu wapya, mkishindwa kufundisha mnamtafutia mtoto wa mtu ugonjwa!"

Mwalimu aliiva uso, akayakusanya madaftari taratibu, akayalinganisha kingo zake. Nje mtu alikohoa kikohozi cha kujifanya hakusikia.

"Yatosha," alisema Mwalimu Mkuu. "Leo Jumatatu. Nakupa hadi Ijumaa uniletee karatasi ya daktari, inayosema mtoto ana nini na anatibiwa vipi. Bila karatasi, namrudisha darasa la nne aanze mwaka upya. Kwa mkono ule siwezi kumwingiza kwenye mtihani."

"Darasa la nne! Mtoto aliyekuwa wa tatu kati ya hamsini?"

"Alikuwa. Mtihani wa mwezi huu amekuwa wa arobaini na moja."

Mama Chiriku alinyakua mkoba wake. Alitoka bila kuaga, akiwapita wazazi wa benchini kichwa juu.

*

Kazi yake ilikuwa kuonja kahawa katika ghala la wanunuzi. Majirani walidhani ni kazi ya kunywa kutwa, wakamwonea wivu wa bure, maana mwonjaji hanywi. Anachota kijiko, anakivuta kwa kishindo ili kahawa ienee ulimi mzima, anaizungusha mdomoni, anaitema ndooni, kisha anaandika alama. Kati ya waonjaji saba wa ghala lile yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alilijua hilo, na kama wewe hukulijua angekwambia.

Na ulimi ule Chiriku aliurithi. Akiwa na miaka minane alisema chai ya siku hiyo imechemshwa kwa maji ya tangi jingine, na kweli ilikuwa hivyo. Sasa alikuwa na kumi, na tangu muhula uanze mama mtu alikuwa akimfundisha. Kila siku saa kumi, akirudi kazini, alipanga vikombe sita kwenye meza ya jikoni, akamwaga maji ya moto juu ya kahawa iliyosagwa, na ndoo ndogo ya kutemea akaiweka kwenye kigoda kando ya mtoto. Kazi nyingine zote za nyumba zilingoja.

Jumatatu ile alivipanga kama kawaida, ila macho yake leo yalikuwa kwenye mikono ya mtoto.

"Anza."

Chiriku alichota, akavuta kwa mlio uliomfanya bibi yake mzaa baba, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, atikise kichwa. Mtoto akatema vizuri ndooni, akapangusa mdomo. "Hiki safi. Cha pili safi." Akaendelea. "Cha tatu kimechacha kidogo. Cha tano kilianikwa chini, mama. Kina udongo."

"Mwanangu wewe!" Mama Chiriku alipiga meza kwa furaha, akamsahau hata mwalimu. Kahawa ya kikombe cha tano ilikuwa imeanikwa chini kweli. Waonjaji wawili wazima ghalani walikuwa wameipitisha.

Nje Baba Chiriku, fundi wa kutengeneza viti, aliita mtu amshikie ubao. Mama Chiriku alikwenda, akashika, akagombana naye kidogo kuhusu mahali pa kupita msumari, akarudi. Vikombe vilikuwa vimebaki na machicha.

"Umerudia vyote?"

"Mara tatu tatu. Nilitaka cha nne nikijue vizuri, maana mwanzo sikukisema."

"Na sasa?"

"Kina kitu kama ganda la chungwa."

Sifa zilikuwa njiani, tayari zimefika kooni, ndipo Mama Chiriku alipousikia mlio. Mtoto alikuwa anarudisha kijiko kikombeni, na kijiko kilikuwa kinagonga ukingo: ti-ti-ti-ti-ti. Hakikunyamaza.

"Una baridi?"

"Hapana."

Aliushika ule mkono. Kiganja kilikuwa kimelowa, na kwenye kifundo mshipa ulidunda haraka kiasi kwamba alishindwa kuuhesabu. Hofu ilimwingia, hofu ya kweli, lakini aliipa jina jingine. Alijiambia kwamba kesho atampeleka mtoto kwa daktari amzibe mdomo yule mwalimu.

*

Daktari alikuwa bwana mfupi, mpole, mwenye mazoea mabaya ya kumuuliza mtoto badala ya mama. Alimpima Chiriku uzito, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, akamtaka anyooshe vidole, akaweka kipande cha karatasi juu yake. Karatasi ilicheza.

"Analala saa ngapi?"

"Saa tatu yuko kitandani," alijibu Mama Chiriku.

"Kitandani nimesikia. Usingizi je?"

"Kengele ya kiwanda ya saa saba huwa naisikia," alisema Chiriku. "Na ya saa tisa."

Mama mtu alimgeukia. Hilo ndiyo kwanza analisikia.

"Anakunywa nini nyumbani?"

"Maji, maziwa. Chai asubuhi na jioni, kama mtoto mwingine yeyote."

"Chai nzito?"

"Kwangu hakuna chai nyepesi, daktari."

"Kahawa?"

"Hanywi. Anaonja. Mimi ni mwonjaji, namfundisha. Anaonja na kutema."

Chiriku alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Chiriku aliujua ukimya ule. Ni ule wa siku sahani inapovunjika na hakuna aliyekuwepo.

"Chiriku. Unatema?"

"Ukinitazama, natema."

"Na nisipokutazama?"

"Bibi alisema mtoto mwenye adabu hatemi mate ndani ya nyumba. Tena mezani, penye chakula." Mtoto alimeza mate. "Kwa hiyo nameza."

Ile ndoo ndogo alikuwa akiimwaga yeye mwenyewe kila jioni, Mama Chiriku. Kila jioni ilikuwa na vijiko vichache tu chini yake. Yeye, anayeweza kukwambia kahawa ilianikwa juu ya udongo au juu ya mkeka, kwa miezi miwili na nusu alimwaga ndoo tupu na hakujiuliza kitu. Aliona aibu hadi masikio yakamwasha.

Daktari hakupandisha sauti. Aliuliza vijiko vingapi, vikombe vingapi, akaandika hesabu pembeni ya karatasi. "Unaona, mama, ndani ya kahawa kuna kafeini. Kwenye chai pia imo. Kwako wewe kikombe kimoja kinakuamsha. Yeye ana kilo ishirini na saba. Anachomeza saa kumi, saa nne usiku bado kimo mwilini kinamwambia amka. Asipolala, asubuhi amechoka. Mnampa chai nzito aamke. Darasani mikono inatetemeka, moyo unakimbia, halafu dawa ikiisha nguvu anaanguka kama gunia. Hana wazimu. Moyo wenyewe ni mzima. Tatizo ni kipimo."

"Na hili linapona?"

"Akiacha, linapona. Chai pia aache. Siku mbili tatu kichwa kitamuuma, mwili unadai ulichokizoea. Mpe maji, alale. Usimpe chai ya kumtuliza, maana itamtuliza kweli, na mtaanza upya." Kisha akanyoosha mkono. "Na wewe nipe vidole."

"Mimi natema!"

"Chai nzito unatema?"

Mama Chiriku alihesabu kimoyomoyo. Vikombe saba kwa siku, vinane kukiwa na mzigo mpya. Vidole vyake, alipovinyoosha, vilicheza kidogo, naye akavirudisha upesi mapajani.

Daktari alivuta karatasi ya shule. Ndipo Mama Chiriku alipoinama karibu, akateremsha sauti mtoto asisikie. "Daktari, hapo kwenye sababu. Ungeandika uchovu tu. Uchovu pia ni kweli. Mimi kahawa ndiyo inayonitambulisha katika mji huu. Yule mwalimu akisoma, nitajificha wapi?"

"Mfanyabiashara akikuletea gunia lenye kuvu, akakuomba uandike safi, unaandika?"

Mama Chiriku alishawahi kuombwa, na aliyeomba alitolewa ghalani kwa maneno ambayo hayasemwi mbele ya mtoto. Daktari aliandika. Madaktari wote wana mwandiko wa kuku, isipokuwa huyu. Herufi zake mtu angezisoma akiwa mlangoni.

*

"Mama," alisema alipofika nyumbani, hata viatu hajavua, "ulimwambia Chiriku asiteme?"

Bibi aliinua macho kutoka kwenye viazi vyake. "Nilimwambia. Hata wewe ningekwambia kama ningekulea mimi. Mtoto anavuta kijiko kwa kelele kama trekta, kisha ateme mate juu ya meza tunayolia? Hiyo nayo ni elimu?"

"Basi amekuwa akimeza. Yote. Ndiyo maana hasomi, halali, mikono inacheza. Wanataka kumrudisha darasa la nne."

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Bibi alimtafuta mjukuu wake kwa macho, akamwona amejibanza nyuma ya mlango. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemharibia mke mwenzangu?" aliuliza, na ule utani wake wa siku zote na mjukuu ulitoka bila nguvu.

"Ungeniuliza mimi kabla ya kumfundisha hizo adabu zako."

Lilikuwa neno baya, na lilisemwa kwa sauti mbaya. Bibi aliokota kigoda chake, akatoka nacho nje, akakaa akiipa nyumba mgongo.

Baba Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na misumari mitatu midomoni. Aliitoa mmoja mmoja. "Wewe ulishawahi kumwambia mama kwa nini mnatema?"

"Kila mtu anajua kwa nini tunatema."

"Mimi nimekuoa miaka kumi na miwili, sijui. Nilidhani ni mbwembwe za kazini."

Siku nyingine angemcheka. Leo alivikusanya vikombe sita, akavifunga kwenye gazeti, akavipandisha juu ya kabati. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu, akaapa mbele ya wote kwamba naye haigusi chai mpaka mtoto apone.

Jumatano kiapo kilimtokea puani. Chiriku alilala na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, akilia kwamba kuna mtu anamkanyaga kichwa. Mama mtu, aliyeomba ruhusa kazini, aliketi kando yake na kichwa chake mwenyewe kikigonga, akimkaripia kila aliyefunga mlango. Mume wake alikwenda kugongea misumari kwa jirani.

Mchana Bibi alisimama mlangoni. Tangu jana hakuwa amesema neno. Mkononi alikuwa na kikombe, nusu tu, na harufu yake ilifika kitandani kabla yake.

"Funda moja, mwanangu. Nimeongeza maji. Siwezi kumsikia akilia hivi."

Chiriku alikaa, akanyoosha mikono miwili. Mama Chiriku alikipokea kikombe yeye. Ukweli lazima usemwe: aliitamani ile chai kuliko mtoto. Aliishika kitambo, mvuke unampiga usoni, akawaza kwamba funda moja haliui, kwamba Ijumaa ni keshokutwa na mtoto hawezi kufika shuleni katika hali hii. Kisha akaenda jikoni, akaimwaga, akafungua bomba hadi harufu ikaondoka.

"Daktari alisema itamtuliza," alimwambia Bibi aliporudi. "Ndiyo ubaya wake."

Bibi aliketi upande wa pili wa kitanda. Walibaki hivyo, kila mmoja ameshika mguu mmoja wa Chiriku, hadi jioni. Kabla taa haijawashwa mtoto alikuwa amelala, na alilala moja kwa moja hadi jua la Alhamisi likafika katikati ya sakafu. Mara mbili Bibi alikwenda kumwekea kiganja puani kuhakikisha anapumua.

*

Ijumaa Bibi alivaa viatu vyake vya kutokea na kusema anakwenda, na hakuuliza ruhusa ya mtu. Wakaingia ofisini watatu: mama, bibi na mtoto katikati.

Mwalimu Mkuu alisoma karatasi polepole, akampa mwalimu wa darasa naye asome. "Amekuwa akimeza kahawa kila siku," alisema mzee. "Miezi miwili na nusu. Nani alimwambia mtoto ameze kahawa?"

Bibi alisimama. Aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. "Mwalimu, mimi ndiye niliye..."

"Kaa, mama," alisema Mama Chiriku. "Ni mimi."

"Lakini mimi ndiye niliyemkataza..."

"Wewe ulimfundisha adabu, na adabu haijamtetemesha mtu mkono. Vikombe niliviweka mimi. Saa niliipanga mimi. Ndoo ilikuwa tupu na niliimwaga mimi kila siku, na mimi ndiye ninayejidai kuonja." Akamgeukia mwalimu. "Na wewe nilikusema vibaya Jumatatu, na watu walisikia. Uliliona jambo la mwanangu ambalo mimi sikuliona." Alikwenda akaufungua mlango wazi kabisa. Benchi la nje lilikuwa na wazazi wanne. "Naomba radhi, mwalimu," alisema kwa sauti ileile aliyotumia kutukania. "Mtoto hukumtisha wewe. Nilimwumiza mimi."

Tusimsingizie unyenyekevu. Alipoufunga mlango alijisikia vizuri, kama mtu aliyelipa zaidi ya alichodaiwa. Moyoni alijua kosa waligawana watatu, yeye, Bibi na mtoto, na yeye kwa ukubwa wake alikuwa amelibeba peke yake. Bibi alikuwa anafuta macho. Mwalimu alisema "Yamekwisha, mama," na sauti yake ya chini safari hii haikuonekana ya kudharauliwa.

Mwalimu Mkuu alimpa Chiriku kalamu na karatasi, akamsomea sentensi mbili. Mtoto aliandika akiuma ulimi. Mkono haukuwa umetulia wote, lakini herufi zilisimama, na sufuri zilifungwa. Mzee aliitazama karatasi, akaitazama tena.

"Anabaki darasa la tano," alisema. "Mtihani atafanya na wenzake."

Mama Chiriku alivuta pumzi ndefu. Alikuwa tayari kuaga. Lakini mwalimu alikuwa ameinama, macho yake sawa na ya mtoto.

"Chiriku, nieleze kitu. Moyo ulipokuwa unakimbia, mimi uliniambia. Mbona mama hukumwambia?"

"Angeondoa vikombe."

"Si ungepona?"

"Ndiyo." Chiriku alifikiri, kwa uangalifu uleule aliokuwa nao mbele ya kikombe. "Lakini ile saa kumi ndiyo saa pekee Mama ananiuliza kitu na kungoja nijibu."

Mwalimu Mkuu alianza kutafuta kifuniko cha kalamu ambacho kilikuwa mbele yake. Dakika tatu zilizopita Mama Chiriku alikuwa amesema "ni mimi" kwa ukarimu, ili kumfichia mkwewe aibu. Sasa alielewa kwamba hakuwa amemfichia mtu yeyote kitu. Ilikuwa hivyo hasa. Ni yeye.

Alichuchumaa, magoti yakalia. "Leo saa kumi nitakuwepo," alisema.

"Tutaonja nini?"

"Hatuonji kitu."

"Sasa tutafanya nini?"

"Sijui," alisema. "Wewe utasema. Mimi nitasikiliza. Na kesho hivyohivyo."

Chiriku alimgeukia mwalimu wake.

"Mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia," alisema mwalimu.